Waliokatwa tumbo ng'ambo wasifanye siri wakirudi mpakani

KUNA mzigo mmoja ambao maafisa wa forodha wa Busia na Malaba hawawezi kuuona hata wakifungua kila begi. Ni tumbo lililopunguzwa kwa kisu.

Baadhi ya ndugu zetu waliokuwa wakifanya kazi Uarabuni, Ulaya na Marekani hurudi nyumbani wakiwa wamefanyiwa upasuaji wa kupunguza unene. Wengine husafiri hadi Uturuki au India kwa shughuli hiyo tu, kisha wakarejea. Wapo pia wanaofanyiwa Nairobi na Kampala, katika hospitali chache za kibinafsi zenye wataalamu wa kazi hiyo. Akishafika Busia au Tororo, mwenye tumbo hilo hunyamaza. Akiulizwa amekondaje, hujibu kuwa ni mazoezi, au kwamba ameacha sukari na chapati.

Sina ugomvi na upasuaji wenyewe. Ninachokipinga ni ukimya huo, kwa kuwa unaweza kuua. Upasuaji huu ukiharibika, mara nyingi hauharibikii mezani mwa daktari. Huharibika siku kadhaa baadaye, wakati aliyekata yuko mbali na aliyekatwa yuko miongoni mwetu.

Tuanze na upasuaji wenyewe ili tuelewane. Ule unaofanywa zaidi duniani siku hizi huitwa slivu, neno lililotokana na Kiingereza lenye maana ya mkono wa shati. Daktari hukata na kuondoa robo tatu ya mfuko wa tumbo au zaidi kidogo, akaacha mrija mwembamba uliosimama kama huo mkono wa shati. Ukingo uliokatwa hufungwa kwa safu za pini ndogo za chuma, kuanzia chini hadi karibu na mahali ambapo umio huingia tumboni. Upo pia ule wa baipasi, ambapo daktari hutengeneza kijifuko kidogo upande wa juu wa tumbo na kukiunganisha na utumbo mdogo.

Si urembo huu. Kwa mtu mnene kupindukia, hasa mwenye kisukari, ni miongoni mwa tiba zilizothibitishwa kushusha sukari na kupunguza uzito kwa miaka mingi. Mwaka 2022 vyama viwili vikubwa vya wataalamu wa fani hii, kimoja cha Marekani na kingine cha kimataifa, vilikubaliana kuwa unaweza kupendekezwa kwa mtu ambaye kipimo cha uzito wake kwa kulinganisha na urefu kimefika 35, hata kama hana ugonjwa mwingine. Kwa mtu wa urefu wa mita 1.6, hiyo ni kama kilo 90. Mwenye kilo 75 na kitambi cha kawaida hahusiki, na anayemwambia kuwa anahusika anamtafutia fedha zake.

Wala tusijidanganye kuwa unene ni tatizo la Wazungu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 nchini Kenya ulionyesha kuwa wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 49 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Nchini Uganda, utafiti kama huo wa mwaka 2016 ulipata 24 kati ya kila 100 miongoni mwa wanawake wa miaka 15 hadi 49. Hivyo basi, wanaotafuta tiba hii wataendelea kuongezeka, tupende tusipende.

Sasa tuje kwenye hatari. Kati ya watu 100 wanaofanyiwa slivu, mmoja hadi watatu hivi hupata tatizo la mshono kuvuja. Ni wachache, naam, lakini kwa hao wachache mambo huwa mazito. Tindikali, mate na chakula hupenya kwenye tundu na kumwagika ndani ya fumbatio, mahali pasipostahili kuingia uchafu wowote. Usaha hujikusanya, sumu ikaingia kwenye damu, na baada ya muda figo na mapafu huanza kushindwa kazi. Mahali panapovuja mara nyingi ni juu kabisa ya mshono, karibu na umio, ambapo damu inayolisha nyama ni haba.

Jambo ambalo kila anayesafiri anafaa kulijua ni wakati wa kuvuja. Baadhi ya mishono huvuja katika siku mbili tatu za kwanza, mgonjwa akiwa bado wodini. Lakini mingi hujitokeza akiwa ameshatoka hospitalini, katika wiki ya kwanza na ya pili. Michache hungoja hata mwezi na zaidi.

Hebu tupige hesabu ya msafiri wetu. Analazwa siku mbili au tatu. Anakaa hotelini siku chache, kisha anapanda ndege kabla wiki haijaisha. Anashuka Entebbe au Nairobi na kuchukua basi la usiku. Siku ya nane yuko nyumbani. Siku ya kumi amefungua duka lake la mitumba au yuko sokoni akihesabu magunia ya mahindi, kwa kuwa biashara haimngoji mtu. Siku hiyo ya kumi ndiyo mshono wake unaweza kuachia, naye yuko maelfu ya kilomita kutoka kwa aliyemshona.

Si sisi tu tulio katika hali hii. Serikali ya Uingereza, katika ushauri wake kwa wasafiri, ilitangaza kuwa raia wake 6 walifariki nchini Uturuki mwaka 2023 baada ya kufanyiwa matibabu huko. Hao walitoka nchi yenye hospitali kubwa kila mji na ambulensi inayokuja ukipiga simu. Itakuwaje kwa mtu wa Malaba?

Hapa Kenya, Oktoba 2024, mwanamke mmoja alifariki jijini Nairobi siku chache baada ya upasuaji wa kufyonza mafuta mwilini, na baraza la madaktari likaamuru kliniki iliyohusika ifungwe. Huo haukuwa upasuaji wa kupunguza tumbo, tusichanganye mambo. Lakini funzo lake linatuhusu: hatari haiishi mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani.

Turudi kwenye siri. Kwa nini mtu aliyelipa fedha nyingi kwa tiba halali aone haya kuitaja? Sababu zipo, na wakazi wa mpaka huu wanazijua.

Kwanza, kwetu mwili mnene umekuwa ishara ya neema kwa miaka mingi. Mfanyabiashara aliyenenepa husifiwa kuwa mambo yake yamemnyookea. Pili, kukonda kwa ghafla kunatutia hofu ya zamani. Ukimwi ulipoingia Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi wa Rakai na Masaka waliuita 'Slim', yaani ugonjwa wa kukonda. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao wa nje waliuandika kwa jina hilo hilo katika jarida la Lancet la Uingereza. Jina hilo lilishuka na barabara kuu pamoja na malori hadi huku kwetu, na hadi leo mtu akipungua kilo 20 kwa miezi mitatu, majirani huanza kunong'ona.

Kwa hivyo mwenye tumbo lililokatwa hujikuta katikati ya aibu mbili. Akisema ukweli, ataambiwa ameringa na kuchezea mwili aliopewa na Mungu. Akinyamaza, atasemwa kuwa ni mgonjwa. Wengi huchagua kunyamaza hata mbele ya muuguzi. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua.

Tazama ukimya huo unavyofanya kazi. Mwanamke wa miaka 38 anaingia katika kliniki ndogo ya mjini Tororo akilalamikia maumivu ya tumbo, homa na kichefuchefu. Muuguzi hajaambiwa lolote kuhusu upasuaji. Vidonda vidogo vitano vya mikato, ambavyo vimeanza kupona, vimefunikwa na nguo. Anafanya kile ambacho muuguzi yeyote wa huku angefanya: anapima malaria.

Na malaria huenda akaipata! Tororo imejulikana kwa watafiti kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa sehemu zilizokuwa na maambukizi makubwa ya malaria duniani, kabla ya dawa kuanza kupulizwa majumbani kwa wingi katika muongo uliopita. Mtu mzima aliyelelewa huku anaweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu bila kuwa ndivyo vinavyomuumiza siku hiyo. Kipimo kinasema kweli, lakini kweli hiyo inamficha muuguzi ugonjwa wenyewe. Mgonjwa anapewa dawa za malaria, anachomwa sindano ya diclofenac ya kutuliza maumivu, na kuambiwa arudi baada ya siku tatu. Kwa mshono unaovuja, siku tatu ni nyingi mno.

Sindano hiyo ina madhara mawili. Inapunguza maumivu na homa, hivyo mgonjwa na jamaa zake wakadhani amepona. Isitoshe, dawa za jamii hiyo, zikiwemo ibuprofen na aspirini, hula ukuta wa tumbo, na kwa aliyefanyiwa baipasi huweza kusababisha kidonda pale kwenye muungano. Anayehitaji kutuliza maumivu baada ya upasuaji huu atumie paracetamol au dawa nyingine aliyoandikiwa na daktari wake. Asinunue tembe za rangi rangi kwenye vibanda vya stendi.

Ni zipi basi dalili za kumkimbiza mtu hospitalini? Ya kwanza, na mara nyingi ndiyo inayotangulia nyingine zote, ni mapigo ya moyo kwenda mbio. Haihitaji mashine. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kisha tazama saa kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Aliyekatwa tumbo katika wiki hizi za mwanzo, mapigo yake yakizidi 120 akiwa ameketi tu, hiyo ni dharura. Asiambiwe ni uchovu wa safari.

Dalili nyingine ni homa, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, maumivu yanayopanda hadi bega la kushoto, kuhema kwa shida, kutapika kusikokoma, na hali ya mgonjwa kuhisi kuwa kuna jambo baya linakuja ingawa hawezi kulieleza. Tusingoje tumbo liwe gumu kama ubao. Kwa mtu mnene, tumbo linaweza kubaki laini likibonyezwa ilhali ndani kumejaa usaha.

Mapigo ya mbio na kuhema kwa shida yanaweza pia kuwa dalili ya damu iliyoganda mguuni na kusafiri hadi kwenye mapafu, jambo linaloweza kumpata aliyepasuliwa kisha akakaa saa nyingi ndani ya ndege na basi. Nalo ni la kukimbiza hospitalini. Kwa hivyo mgonjwa hana hasara kwa kwenda, liwe hili au lile.

Naye muuguzi au mwenye duka la dawa nimwombe jambo moja. Kila anayekuja na maumivu makali ya tumbo, muulize: umewahi kupasuliwa tumbo, hapa au ng'ambo? Muulize akiwa peke yake, mbali na mume, mke au mashemeji. Kisha mhesabie mapigo. Maswali hayo mawili hayagharimu shilingi ya Kenya wala ya Uganda.

Akionekana ana dalili hizi, asipewe chakula, chai wala soda. Awekewe dripu, aanzishiwe dawa kali za kuua bakteria, na apelekwe mara moja mahali penye daktari mpasuaji. Upande wa Kenya kuna Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia. Upande wa Uganda kuna hospitali ya Masafu wilayani Busia, na mjini Tororo kuna hospitali kuu ya serikali na ile ya St Anthony's. Zaidi ya hapo kuna hospitali za rufaa za Mbale, Kisumu na Eldoret, na hatimaye Kampala na Nairobi. Bodaboda ilizaliwa papa hapa, enzi za baiskeli zilizovusha abiria kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine, nasi tunajivunia hilo. Lakini mgonjwa wa namna hii anahitaji kulala ndani ya gari, huku dripu ikiendelea.

Nimesikia wakisema kuwa hospitali zetu haziwezi kazi hii, na kwamba mwenye fedha za kwenda Uturuki arudi huko huko akatibiwe. Kauli hiyo ina makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kuwa mtu ambaye tumbo lake linavuja, na damu yake imeanza kuingiwa na sumu, hapaswi kupanda ndege. Hatua za kwanza lazima zichukuliwe alipo.

Kosa la pili ni kudhani kuwa hatua hizo ni za ajabu. Anayeanza kuzorota hufunguliwa, uchafu ukaoshwa, na mpira ukawekwa karibu na tundu ili kinachovuja kitoke nje badala ya kubaki ndani. Daktari huweka mpira mwingine katika utumbo mdogo wa kumlisha mgonjwa, kwani hatakula kwa mdomo kwa wiki kadhaa. Wataalamu wanaonya dhidi ya kukimbilia kushona tundu lenyewe, kwa kuwa nyama iliyovimba haishiki uzi na huachia tena. Osha, toa uchafu, lisha, kisha mpe rufaa. Hiyo ni kazi ambayo daktari mpasuaji wa hospitali ya wilaya au kaunti anaifahamu.

Yanayofuata ndiyo ya hospitali kubwa. Huko kuna skani ya CT inayoonyesha tundu liko wapi na usaha umekaa wapi. Usaha uliojikusanya huweza kutolewa kwa sindano na mrija bila kumfungua mgonjwa. Kwa kutumia mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, daktari anaweza kuweka stenti ya kufunika tundu kwa wiki chache, au vijirija vya kurudisha usaha tumboni ili tundu lizibe lenyewe polepole. Likikataa kuziba baada ya miezi, ndipo huja upasuaji wa kujenga upya. Wengi hupona, lakini ni safari ya wiki na miezi, na gharama yake yaweza kuzidi ya upasuaji wa kwanza.

Jambo lingine ambalo madaktari wetu wasilisahau ni vitamini B1. Aliyetapika kwa wiki kadhaa huishiwa nayo, na akipewa dripu ya glukosi kabla ya vitamini hiyo, ubongo na neva zake zinaweza kudhurika. Apewe vitamini kwanza.

Wapo watakaouliza kwa nini tupoteze wino kwa watu wachache wenye uwezo, ilhali akina mama wanajifungua gizani na watoto wanakufa kwa malaria. Ni swali la haki. Jibu langu ni kuwa tumbo linalovuja si la tajiri peke yake.

Mchukuzi wa Malaba anayemeza tembe za maumivu kila siku ili mgongo umruhusu kubeba, na ambaye tumboni ana bakteria wa vidonda, anaweza kutoboka tumbo usiku mmoja bila kuwahi kupanda ndege. Tiba ya tundu hilo, ya kulifunika kwa kipande cha utando wa mafuta wa tumboni, ilielezwa na daktari Roscoe Graham wa Toronto, Kanada, mwaka 1937, na ingali inatumika hadi leo. Homa ya matumbo nayo hutoboa utumbo. Wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, mlipuko wa mwaka 2008 na 2009 uliwatoboa utumbo watu zaidi ya 200, na makumi wakafa. Hawa wote, tajiri wa slivu na mchukuzi wa Malaba, wanahitaji vitu vile vile: muuguzi anayehesabu mapigo, dripu, dawa, gari, na chumba cha upasuaji chenye umeme na damu ya kuongezea. Tukimwandalia mmoja, tumewaandalia wote.

Lakini kinga ni bora kuliko tiba. Anayepanga kufanyiwa upasuaji huu ana maswali ya kuuliza kabla ya kulipa hata senti moja. Daktari amefanya operesheni ngapi za aina hii? Hospitali ina chumba cha wagonjwa mahututi na skani? Mshono ukivuja baada ya siku kumi, nani atanipokea na nani atalipa? Kampuni inayokujibu kwa picha za watu waliokonda badala ya kujibu swali hilo la tatu, ikimbie.

Mengine yako mikononi mwa daktari, kama vile kutoubana mrija kupita kiasi, kutosogeza pini hadi kwenye umio, na kuchagua pini zinazolingana na unene wa nyama. Mengine yako mikononi mwa mgonjwa. Aache sigara wiki kadhaa kabla, kwa sababu moshi huzuia kidonda kupona. Sukari yake idhibitiwe kwanza. Afuate mlo mwepesi anaopewa kabla ya upasuaji, ambao hupunguza ukubwa wa ini ili daktari aone vizuri anapofanya kazi.

Baada ya upasuaji, wiki mbili za kwanza ni za vinywaji tu, tena kwa vijifunda: maji, maziwa, supu iliyochujwa, uji mwepesi. Wiki mbili zinazofuata ni za vilivyopondwa laini kama matoke, mayai na maharagwe. Ugali, muhogo na nyama choma vingoje hadi daktari aruhusu. Soda, busaa na ajono viwekwe kando. Anayejishindilia akatapika anausukuma mshono ambao haujashika. Magunia nayo yasiinuliwe kwa wiki nne hadi sita. Mtafutie kijana wa kubeba, hata kama faida itapungua.

Kubwa kuliko yote, usikimbilie nyumbani. Kaa karibu na hospitali iliyokukata kwa wiki mbili ukiweza. Ndiyo, hoteli ina gharama, na duka limefungwa. Lakini piga hesabu kama mfanyabiashara: wiki moja zaidi ya hoteli ni bei nafuu ukiilinganisha na miezi miwili wodini.

Na unaporudi, rudi na karatasi. Iandikwe kwa Kiingereza aina ya upasuaji, tarehe, kama mshono ulijaribiwa, dawa ulizopewa, na simu ya daktari inayopokelewa. Piga picha yake na uihifadhi kwenye simu. Chagua mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini, mke, mume, dada au rafiki, na umwambie kila kitu, ili siku usipoweza kusema aseme kwa niaba yako. Si lazima utangaze sokoni. Lakini daktari na mtu mmoja wa nyumbani ni lazima wajue.

Serikali zetu mbili nazo zina deni. Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, ili lori lisisimamishwe mara mbili. Mgonjwa naye astahili angalau heshima iliyopewa lori. Wakuu wa afya wa kaunti ya Busia na wale wa wilaya za Busia na Tororo waketi pamoja na kuandika utaratibu mmoja: mgonjwa wa dharura ya upasuaji avuke bila kuulizwa hati, hospitali zipigiane simu, na gari la upande mmoja liruhusiwe kumfikisha upande wa pili. Wasamia na Wateso wameishi pande zote mbili tangu kabla mstari huo haujachorwa. Utumbo uliotoboka hauna uraia.

Mabaraza ya madaktari ya Kenya na Uganda nayo yawaite madalali wanaopeleka watu ng'ambo kwa upasuaji na kuwataka waonyeshe nani atamhudumia mgonjwa akirudi. Asiyeweza kuonyesha, asiruhusiwe kutangaza biashara hiyo kwetu.

Wakati tukingoja hayo, kila mmoja ana la kufanya leo. Uliyerudi majuzi na tumbo lililokatwa, toa karatasi yako begini na umwonyeshe mtu. Mwenye kliniki, ongeza swali moja kwenye daftari lako. Jirani, ukimwona mtu amekonda, mjulie hali na uache kunong'ona, kwani asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ufa wa tumbo hautoi nafasi ya kujenga.